Tuzo za mawasilisho bora kwenye kongamano la afya ya akili ya watoto: nimeshiriki, haya ndo niliyoyaona

Wakuu, nimerudi wiki chache zilizopita kutoka kwenye kongamano la siku 3 la utafiti wa afya ya akili ya watoto na vijana, na kabla mambo hayajanitoka kichwani nataka niongelee kitu kimoja tu cha pale, zile tuzo za mawasilisho bora. Mi ni mshauri wa wanafunzi, kazi yangu ya kila siku ni kukaa na watoto, utafiti nafanya pembeni na wenzangu wawili, na safari hii tulikuwa na bango letu ukutani, yaani karatasi kubwa yenye muhtasari wa utafiti, kwa hiyo mchakato mzima nimeupitia mwenyewe, toka kujaza fomu mpaka kuletewa maoni ya majaji. Jina la kongamano sitalitaja kwa sababu kuna sehemu walituangusha, nimeshawaandikia wenyewe na wamejibu kistaarabu, sioni haja ya kuwaanika. Ila kama unafikiria kupeleka kazi yako kwenye tuzo za namna hii, au uko kwenye kamati inayoziandaa, soma. Mawasilisho ya kuongea nawapa nyota 5 bila kusita. Mabango nyota 2, na nitaeleza kwa nini.

Kuna watu wanaona tuzo ni mambo ya cheti na picha ya pamoja basi. Mi siamini hivyo kabisa. Kongamano lina mawasilisho mia na kitu, hakuna binadamu anayeweza kuyasikiliza yote, wakuu wa shule na watu wa serikali waliokuja wanaondoka na mawili matatu kichwani na mara nyingi ni yale yaliyoitwa mbele siku ya mwisho. Miezi michache baadaye unasikia shule fulani imeanza "ile programu iliyoshinda". Kwa hiyo jaji akikosea, anayeumia ni mtoto ambaye hata hajui kama kuna kongamano lilifanyika. Na watoto wenyewe ni wengi jamani. Shirika la Afya Duniani linasema kijana 1 kati ya 7 wenye umri wa miaka 10 mpaka 19 anaishi na tatizo la afya ya akili, halafu kuna ile kazi kubwa iliyokusanya tafiti 192 zenye watu zaidi ya 700,000, ikaonesha karibu nusu ya matatizo haya yanakuwa yameshaanza kabla mtu hajafika miaka 18, na theluthi moja hivi kabla ya 14. Hiyo ndo miaka mtoto yuko darasani mbele ya mwalimu.

Mtu akiniuliza kwa nini nalikazania hili huwa nampa mfano wa ile Study 329. Ilikuwa inapima dawa ya paroksetini kwa vijana wenye sonona, vijana 275, ikachapishwa 2001 kwenye jarida linaloheshimika ikisema dawa inafanya kazi na vijana wanaivumilia vizuri. 2015 watafiti wengine wakaichambua upya data ileile na kuchapisha kwenye BMJ, jarida la kitabibu la Uingereza, wakakuta dawa haikuizidi ile ya kuzugia isiyo na dawa ndani, na madhara yalikuwa yameongezeka, yakiwemo mawazo ya kujiua. Miaka 14 hapo katikati. Ukiisoma ile ripoti ya kwanza imepangwa vizuri, majedwali yamenyooka, ungeipeleka kwenye ukumbi wowote watu wangepiga makofi. Ndo maana nikisikia "wasilisho bora" swali langu la kwanza ni bora kwa kipi, na nani kasema.

Haya, fomu. Kuomba kuingia kwenye tuzo ilikuwa hiari, unatuma abstrakti yako, ule muhtasari mfupi wa utafiti, kama kila mtu halafu unajaza kurasa mbili za ziada, majina na vyuo vimeondolewa ili wanaochuja wasijue ni kazi ya nani. Zile kurasa mbili ndo zilinifanya niwaheshimu hawa watu. Waliuliza kama mpango wa uchambuzi uliandikwa na kusajiliwa mahali kabla data haijakusanywa au mliamua mkiwa mmeshaona matokeo. Waliuliza kama mlifuatilia madhara, yaani kuna mtoto yeyote alizidiwa wakati wa utafiti na mlifanya nini. Na waliuliza ridhaa ilipatikanaje, sio ile ya mzazi peke yake, mtoto mwenyewe aliulizwaje, kwa maneno gani, na aliweza vipi kusema hapana bila mwalimu kumkunjia uso. Hilo la mwisho tulikaa nalo jioni nzima sisi watatu. Sisi tulikuwa tumeomba ridhaa ya watoto darasani, mwalimu wa darasa akiwa amekaa pale pale nyuma, na hatukuwahi kufikiria kwamba kuna mtoto anaweza kukubali kwa sababu tu mwalimu anamwangalia. Tuliandika ukweli kama ulivyo. Fomu yenyewe ilitufundisha kitu kabla hata hatujafika.

Majaji walikuwa watatu kila chumba: mtafiti mmoja, mtu mmoja anayehudumia watoto moja kwa moja (muuguzi, mwanasaikolojia, mwalimu, ilitegemea) na kijana mmoja wa miaka 18 au 19 ambaye mwenyewe alishapitia huduma za afya ya akili akiwa mdogo na alikuwa tayari kusema hivyo. Vijana wale hawakuwekwa kama pambo, maksi zao zilikuwa na uzito sawasawa na za profesa. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 12, unasema mtoto anayeweza kuwa na maoni ana haki ya kuyatoa kwenye mambo yanayomhusu na yapewe uzito, na miaka yote hii tunaukariri mkataba huo kwenye slaidi ya kwanza halafu slaidi ya pili mpaka ya ishirini hakuna mtoto aliyeulizwa kitu. Hapa waliufanyia kazi.

Rafiki yangu mmoja alikuwa jaji, akanisimulia siku moja kabla walikaa nusu siku nzima kwenye mafunzo. Walioneshwa video moja ya wasilisho, kila mtu akatoa maksi peke yake kwa siri, dhaifu, wastani au nzuri kwa kila kigezo, halafu karatasi zikafunguliwa mbele ya wote. Anasema palichemka. Mmoja kaweka "nzuri" kote kwa sababu msemaji alikuwa mchangamfu, mwingine kaweka "dhaifu" kwa sababu hakukuwa na kundi la kulinganisha, na wote wawili wamemwangalia mtu yuleyule. Wakajadili, wakaangalia video ya pili, wakapima wanakubaliana kiasi gani kwa kappa, kile kipimo alichokitoa Jacob Cohen mwaka 1960 kinachoondoa kwanza kule kukubaliana kwa bahati tu. Yaani vipimo tunavyowalazimisha wasaidizi wetu wa utafiti wafanye kabla hawajaenda kuhoji watoto, wao wamevifanya kwa majaji wao. Nimehudhuria makongamano mengine ambako jaji anakabidhiwa karatasi mlangoni anaingia. Na kuna kitu kingine kidogo lakini cha maana, maksi ziliingizwa kwenye simu mara tu msemaji anapomaliza maswali, kabla majaji hawajaongea wao kwa wao, ili mkubwa asiwavute wadogo.

Karatasi ya maksi ilitenganisha "kueleweka" na lafudhi. Iliandikwa kabisa, usimpunguzie mtu kwa matamshi wala kwa kusoma kutoka kwenye karatasi kama lugha ile sio ya kwao. Kwa sisi tunaofikiri kwa lugha moja na kuwasilisha kwa nyingine hilo ni jambo kubwa sana, nimeona watu wenye data nzuri wakimaliza na maksi za chini kwa sababu tu walisitasita.

Sasa nije kwenye wasilisho lililoshinda, manake hili sitalisahau. Dada mmoja, sio mzee wala sio mtoto, alisimama na kazi ya programu ya shuleni ya kuwafundisha vijana jinsi ya kutulia wakizidiwa na mawazo. Slaidi ya nne ikaja grafu, mistari miwili, wa shule zilizopata programu na wa shule zilizoendelea na ratiba yao ya kawaida, na ile mistari inapandana toka mwanzo mpaka mwisho, huwezi hata kuitofautisha kwa rangi. Akanyamaza kidogo ukumbi uangalie. Halafu akasema programu yetu haikufanya kazi, dakika zilizobaki nitazitumia kueleza tunadhani ni kwa nini. Hakukimbilia kutafuta kikundi kidogo ambacho labda wasichana wa umri fulani walipata nafuu kidogo, ule mchezo tunaujua, ukichambua vikundi ishirini kuna uwezekano mkubwa kimoja kionekane kimepata nafuu kwa bahati tu. Alikuwa amesajili swali moja kuu akajibu hilo moja.

Yule jaji kijana, msichana mmoja mwenye daftari dogo la mistari ambalo alikuwa analiandika kwa penseli muda wote, akaomba maiki. Akauliza, "Samahani dada, wale wanafunzi mliwaambia kwamba haikufanya kazi?" Ukumbi kimya. Dada akasema ndiyo, tulirudi kila shule na ukurasa mmoja wa matokeo, na kuna mwanafunzi alituuliza kwa hiyo tulipoteza muda wetu, tukamwambia ninyi ndo mmetuzuia tusiipeleke kwenye shule nyingine mia. Kijana akaandika, akasema asante, akarudisha maiki.

Kazi ya namna ile ikishinda inanipa moyo sana kwa sababu huko nje matokeo ya "hakuna tofauti" yanafia kwenye droo. Na hayapaswi. Kuna ule utafiti wa MYRIAD wa Uingereza, shule 85, watoto zaidi ya 8,000 wa miaka 11 mpaka 14, wakapima mafunzo ya kutuliza akili ya maindfulnesi darasani, matokeo yakatoka 2022 kwamba hayakuzidi masomo ya kawaida ya shule ya mambo ya hisia na jamii. Lile ni jibu lenye thamani kubwa, limewaambia walimu duniani kote wasimwage muda wao kwenye kitu kwa sababu tu kinapendeza masikioni. Tuzo ikimpa mtu maksi kwa kusema ukweli wa aina hiyo, mwaka unaofuata watakuja wengine watano nao wakiwa na ujasiri.

Upande wa pili kuna kaka mmoja ambaye nadhani ukumbi mzima ulijua ndo mshindi. Msemaji mzuri, slaidi za kuvutia, programu ya ushauri, watoto kabla walikuwa na hali mbaya na baada ya wiki kumi wamepona karibu wote. Jaji mhudumu akamuuliza swali moja tu, mlilinganisha na nani? Hawakulinganisha na mtu. Hapa naomba nieleze kidogo kwa asiye mtafiti. Mtoto anapoletwa kwangu analetwa siku mbaya kuliko zote, kagoma kula, kagoma kutoka kitandani, mzazi kachanganyikiwa. Siku mbaya kuliko zote ikipita, hata nisipofanya chochote, kuna watoto watakuwa na nafuu kiasi baada ya wiki kumi kwa sababu hali inapanda na kushuka. Nikipima siku aliyoletwa na kupima tena baadaye nitajiona fundi. Ndo maana lazima kuwe na watoto wengine wa kulinganisha, na hata hao wakiwa ni wale walioambiwa subirini zamu yenu bado kuna mtego, kwa sababu mtu anayesubiri msaada anaweza kuahirisha hata mambo ambayo angejisaidia mwenyewe, na hapo programu yako inaonekana kali kuliko ilivyo.

Ila kilichomtoa kabisa yule kaka ni slaidi yake ya mwisho. Aliweka picha ya mtoto aliyepona, kaziba macho na mstari mweusi, sare ya shule inaonekana, beji ya shule inaonekana, na chini kaeleza kilichompata yule mtoto nyumbani kwao. Mstari mweusi haufichi kitu jamani. Mtu yeyote wa mtaa ule, mwalimu yeyote wa shule ile, anamjua mtoto yule kwa kumwangalia mara moja tu, na sasa anajua na siri ya nyumbani kwao. Mwenyekiti wa kikao aliomba slaidi iondolewe pale pale na watu wasipige picha, akasema kwa upole kabisa, na baadaye kazi ile ikatolewa kwenye kinyang'anyiro. Kuna watu walilalamika kwenye korido kwamba wamemwonea, kwamba mzazi alisaini. Mi nasimama na majaji mia kwa mia. Mzazi alisaini leo, mtoto ataishi na ile picha akiwa na miaka thelathini.

Kwenye vyumba vyote viwili nilivyokaa kilijitokeza kitu kimoja tena na tena, lile dodoso la SDQ la kupima hisia na tabia za mtoto. Lilitolewa na Robert Goodman mwaka 1997, maswali 25, ni fupi, watu wengi wanalitumia na mi mwenyewe nalitumia. Majaji walikuwa wanauliza kila mtu, tafsiri mlijaribu kwa watoto kwanza? Swali zuri mno. Chukua lile linalouliza kama mtoto mara nyingi hana furaha, amevunjika moyo au anatokwa machozi. Hapo kuna mambo matatu ndani ya sentensi moja, na mtoto wa kiume wa miaka 12 atakukatalia yote matatu kwa sababu ya lile la machozi. Watoto ninaokaa nao hakuna anayesema "nina sonona". Wanasema nimechoka. Wanasema kichwa kimejaa, sina raha, moyo mzito, sitaki tu. Mmoja aliniambia "nipo nipo tu", na ukimsikiliza vizuri hayo maneno mawili ni dalili kuliko nusu ya dodoso. Mtafiti aliyejibu kwamba waliwakalisha watoto wakawaambia waeleze kila swali wamelielewaje alipata maksi zake zote, aliyesema walitafsiri ofisini wakamaliza alipunguziwa. Sawasawa kabisa.

Kulikuwa pia na mashindano ya kuwasilisha kwa dakika 3, niliyapitia haraka. Ni ule mtindo wa slaidi moja isiyocheza na muda wa dakika 3, ulioanzia Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, mwaka 2008 wakati wa ukame, watu walikuwa wanabandika saa ndogo za dakika 3 bafuni ili wasiendelee kumwaga maji. Inafurahisha, wanafunzi wanajifunza kukata maneno, lakini dakika 3 hazitoshi kujua mtu kafanyaje kazi yake, na nilipenda kwamba tuzo yake iliitwa ya kueleza vizuri, haikuitwa ya utafiti bora.

Sasa mabango.

Hapa ndo roho iliniuma. Mabango yalikuwa 64, niliyahesabu, ukumbi mmoja mrefu, saa moja ya mapumziko, majaji wanne. Sheria yao wenyewe inasema kila bango lionwe na majaji wawili. Piga hesabu, hiyo ni ziara 128, kila jaji 32, yaani chini ya dakika 2 kwa bango kama jaji hatembei wala hapumui. Na wanatembea, na watu wanawasimamisha kuwasalimia. Kilichotokea ndo kinachotokea siku zote, majaji wanavutwa na mabango yenye maandishi makubwa katikati, ule muundo alioutangaza Mike Morrison mwaka 2019, sentensi moja kubwa ya matokeo na msimbo wa kuskani kwa simu. Siupingi, naupenda, unamsaidia mtu anayepita. Lakini jaji sio mtu anayepita.

Jirani yangu upande wa mlango wa dharura alikuwa binti mmoja, ndo mara yake ya kwanza kuwasilisha popote. Kazi yake ilikuwa ya watoto wanaouguza wazazi nyumbani. Katikati ya bango alikuwa amechora kwa mkono duara kubwa kama uso wa saa, kalipaka rangi vipande vipande, siku nzima ya mtoto mmoja: kipande cha kulala, cha kuchota maji, cha kumpa mama dawa, cha shule, na kipande chembamba kabisa cha njano kilichoandikwa "wangu". Niliangalia kile kipande cha njano muda mrefu. Alisimama pale saa nzima, mikono nyuma, hakwenda hata kunywa maji asije jaji akamkosa. Hakuna jaji aliyefika. Mlango ule ulikuwa gizani kidogo na watu waligeukia kwetu wakarudi. Yalipotoka maoni, karatasi yake ilikuwa imeandikwa "mwasilishaji hakuwepo". Alinitumia picha ya karatasi ile bila kuongeza neno.

Halafu kulikuwa na jambo la pili. Kwenye vyumba vya kuongea, jaji akiwa amemsimamia msemaji au amewahi kuandika naye kazi, alitoka nje na mwingine akaingia, tuliona kwa macho. Kwenye mabango sheria hiyo haikuwepo, na jaji mmoja alimpa maksi mwanafunzi wake mwenyewe. Sisemi alipendelea. Inawezekana kabisa bango lile lilistahili, lilikuwa zuri. Ila hakuna mtu atakayejua sasa, na hata yule mwanafunzi aliyeshinda amenyimwa kuamini ushindi wake.

Niliwaandikia ukurasa mmoja na nusu, hesabu zote ndani. Walijibu baada ya siku 4, wakakubali kosa la karatasi, wakamwandikia binti barua ya kumwomba radhi na kumpa nafasi ya kuwasilisha kwa kuongea mkutano ujao, na wakasema mabango yatagawanywa siku mbili na kila jaji hatazidi mabango 8. Mabango 8 kwa saa moja ni dakika 7 na kitu, hapo mtu anaweza kuuliza na kujibiwa. Ndo maana nimewapa 2 na sio 1.

Hafla yenyewe ilikuwa fupi, jioni ya mwisho, nusu ya watu wameshaondoka na mabegi yao, hilo warekebishe. Zawadi nilizipenda. Mshindi analipiwa kuchapisha kazi yake mahali ambapo mtu yeyote anasoma bure, anapewa mshauri wa kumfuata mwaka mzima, na kuna fungu dogo limetengwa la kurudisha matokeo kwa watoto na wazazi walioshiriki, na huwezi kulitumia kwa kitu kingine. Wengi hatufanyi hilo kwa sababu bajeti ya utafiti inaishia kwenye ripoti.

Maoni ya majaji yalikuja kwa imeili baada ya siku 9, kwa kila aliyeomba tuzo, kashinda au kakosa. Sisi tulikosa. Mabango pia yalipitiwa na wale vijana kwa muda wao wenyewe, walikuwa na tuzo yao ya chaguo la vijana, kwa hiyo tuliletewa maoni matatu. Mawili ya majaji wa mabango yalikuwa mstari mmoja mmoja, "kazi nzuri, ongeza sampuli", unaona kabisa ni dakika 2 zile. La tatu lilijaza ukurasa. Tulikuwa tumeandika kwenye hitimisho kwamba wanafunzi wengi hawana uelewa wa kutosha wa hisia zao, kwa sababu walishindwa kuchagua majibu kwenye dodoso. Kijana kapiga mstari chini ya sentensi ile akaandika: "Mimi naona wanazielewa. Kwenye nukuu zenu wamezieleza vizuri sana. Dodoso ndo halikuwa na neno lao." Tumelisoma wote watatu, tumeifuta ile sentensi, na tunaandika upya sehemu nzima kabla ya kutuma kazi kwenye jarida.

Kwa anayetaka kupeleka kazi yake mahali kama pale: ukiwa na matokeo yasiyopendeza peleka, omba kabisa chumba cha kuongea. Ukiwa na bango, uliza kabla, kwa imeili, majaji ni wangapi na kila mmoja anaona mabango mangapi, wakishindwa kukujibu jua umepata picha. Picha za watoto acha nyumbani.

Yule binti nilimwomba ruhusa, nikalipiga bango lake picha na kulichapisha kwenye karatasi ya kawaida, nimelibandika ndani ya mlango wa ofisi yangu. Wiki iliyopita mtoto mmoja alikuja kwa sababu ya kusinzia darasani, mwalimu kamleta, akakaa bila kusema kitu, anaangalia lile duara. Baadaye akanyanyuka akasogea karibu, akaweka kidole kwenye kile kipande cha njano, akaniuliza, "Mwalimu, huyu alijuaje?"